Kamba mkononi mwa nani? Kisa cha matembezi ya mbwa ya hisani katika mtaa mmoja wa Nakuru

## Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa matembezi haya, na ninaandika huku daftari la mikutano na la fedha yakiwa mbele yangu. Majina ya watu, mtaa, shule na nyumba za ibada nimeyaondoa, mwaka nimeuacha nje, na mbwa mmoja nimempa jina jingine. Mfuatano wa mambo, hesabu na makosa nimeviacha kama vilivyokuwa.

Vikundi vitatu vya wakazi, viwili vya hapa Nakuru na kimoja cha Kisumu, vimetuuliza tulifanyaje. Vyote vilianza na maswali tuliyoanza nayo sisi: fulana ziwe za rangi gani, aalikwe nani, tupite njia ipi. Hakuna aliyeuliza swali ambalo lingetuepusha na yaliyotupata, yaani mbwa atashikwa na nani.

## Usuli

Mtaa wetu ni wa nyumba za mawe na malango ya chuma, na karibu kila lango lina kibao cha "Mbwa Kali". Mbwa wa hapa ni walinzi. Hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na wengi hawajawahi kutia mguu nje ya lango tangu walipoletwa wakiwa wadogo ndani ya katoni. Ukishuka ukavuka mtaro mkubwa wa maji ya mvua, unaingia mtaa wa vyumba vya mabati vinavyopangishwa kimoja kimoja. Kule mbwa hawafungwi. Sisi wa juu tuliwaita mbwa koko, tukiamini hawana wenyewe. Tulikosea, na kosa hilo nitalifikia.

Mwezi wa Mei mtoto wa miaka 7 wa mtaa wa chini aliumwa kwenye shavu la mguu akitoka shule. Jirani akamwagia kidonda mafuta ya taa. Mamake, anayeuza mboga kando ya barabara, alimkimbiza kituo cha afya akaambiwa chanjo imeisha, akaenda cha pili akaambiwa vivyo hivyo, na sindano ya kwanza ikapatikana kesho yake katika kituo cha tatu. Ratiba ilikuwa ya sindano tano: siku ile, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila sindano ilikuwa siku moja ya kibanda kufungwa, na nauli ya watu wawili. Mbwa mwenyewe aliuawa kwa mawe jioni ile ile, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kumfungia na kumtazama kwa siku 10, jambo ambalo lingewasaidia madaktari kujua kama alikuwa na ugonjwa. Mtoto yuko salama leo, anacheza mpira.

Mtu yeyote anayetaka kuandaa shughuli ya namna hii aujue ugonjwa kwanza. Kichaa cha mbwa, dalili zikishatokea kwa binadamu, huua karibu kila mara. Kabla ya dalili kinazuilika. Kidonda huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, si kwa mafuta ya taa wala pilipili, halafu mtu akachanjwe bila kungoja kesho. Hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, kwa hiyo anayemchanja mbwa ndiye anayemkinga mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea kuambukizana. Hapa Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi, na mwaka 2014 nchi iliweka mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana nacho ifikapo 2030. Mpango huo umesimama juu ya kuchanja mbwa kwa wingi.

Katika mkutano wa wakazi wa mwezi wa Juni, mama wa yule mtoto alikuja akaeleza safari zake tano. Hakuomba chochote. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyetoa wazo kwamba wenye mbwa wa mtaa wa juu watembee nao, wachange, na fedha ziende kuchanja mbwa wa mtaa wa chini. Lengo likawekwa Sh120,000.

## Tulichopanga, na tulichopanguliwa

Mpango wa kwanza ulikuwa kuchanja mbwa asubuhi ile ile ya matembezi, kwani watu watakuwa wamekusanyika. Mwenyekiti wetu, mimi na mweka hazina tulikwenda ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo tukiwa na barua nzuri iliyopigwa chapa. Nilikwenda pale nikiamini tunampelekea daktari habari njema.

"Mama mwenyekiti," akauliza, "mnatarajia mbwa wangapi?"

"Kama hamsini hivi, daktari."

"Na niwachanje saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Saa mbili tunaondoka."

Aliiweka barua mezani. "Mbwa niliyemdunga saa moja, saa mbili hana kinga yoyote. Kinga yataka wiki mbili mpaka nne ijengeke. Mnaniambia nikusanye mbwa hamsini wasiochanjwa, wasiojuana, halafu muwapitishe katikati ya watoto."

Hatukuwa na la kujibu. Tulirudi tukapanga upya: chanjo ifanyike Jumamosi ya mwisho ya Agosti, matembezi wiki nne baadaye. Mbwa asiye na kadi ya chanjo ya angalau siku 28 asitembee, hata kama mwenyewe amelipa. Vitoto vya chini ya miezi mitatu visije kabisa. Aliyechanjwa afungwe kitambaa cha buluu shingoni ili kila mtu amjue kwa mbali. Agosti walichanjwa mbwa 46 wa mtaa wa juu. Kwa nini kaunti na si ofisi nyingine? Kwa sababu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, mikononi mwa serikali za kaunti. Tulipoteza wiki mbili tukizunguka kwingine kabla ya kuambiwa hivyo.

Tarehe haikutusumbua. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mtu ambaye miaka kumi kabla ya hapo alimchanja mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa akapona. Tukachukua Jumamosi iliyo karibu nayo. Tulijua tunawakosa jirani zetu Waadventista, tukawaomba radhi mapema, nao wakachanga bila kutembea.

Polisi ndio waliotufundisha kusoma sheria. Tulikuwa tumempa chifu barua wiki tano kabla, tukadhani tumemaliza. Kumbe Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkusanyiko. Barua ya wiki tano haikuwa barua. Tukapeleka nyingine siku kumi kabla. Afisa aliyeipokea ndiye pia aliyetukataza kupita barabara kuu. Sisi tulitaka kushuka mpaka katikati ya mji tupigwe picha. Yeye akauliza tu kama mbwa wetu wanajua honi ya matatu. Njia ikawa mzunguko wa kilomita tatu kwenye barabara za changarawe za mtaa, kuishia uwanja wa shule ya msingi. Shule ilikubali kwa sharti moja, kwamba kinyesi kiokotwe chote, kwa sababu watoto huchezea pale miguu mitupu na minyoo ya mbwa huingia kwa njia hiyo. Vijana sita walipewa kazi hiyo na koleo, nao waliifanya vizuri kuliko kamati nzima.

Njia ya kwanza ilipita mbele ya msikiti. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kuwaona wazee pale, hakutuma ujumbe kwa simu. Sheikh alimsikiliza, akasema hawana neno na mbwa wa ulinzi wala wa mifugo, hao wana ruhusa. Shida ni mate ya mbwa kumgusa mtu aliyekwisha kutawadha. Akaomba tupinde kona moja kabla ya lango. Tulipinda. Jirani mmoja wa msikiti huo alikuja siku hiyo na mbwa wake wa ulinzi, na ni kati ya wachache ambao mbwa wao hakuvuta kamba hata mara moja. Ninajua sasa ni kwa nini.

Kuhusu fedha tulianza vibaya. Michango ya kwanza iliingia kwenye nambari ya duka la mwanakamati mmoja, mtu mwaminifu kabisa, lakini mtaa ukaanza kusema. Naibu chifu naye akatukumbusha kwamba kuchangisha umma kuna sheria yake, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, tusifanye kama harambee ya nyumbani. Tukafungua akaunti ya kikundi kwa jina la kikundi, watia sahihi watatu, na kila jioni mweka hazina alituma kiasi kilichoingia kwenye WhatsApp ya mtaa, hata siku ambayo hakikuingia kitu. Maneno yakaisha. Ada ikawa Sh500 kwa mbwa, Sh100 kwa mtu asiye na mbwa, watoto na wakazi wa mtaa wa chini bure.

Fomu ya kusajili niliiandika mimi. Ilikuwa na jina la mbwa, jina la mwenye mbwa, nambari ya nyumba, simu, tarehe ya chanjo. Nilijivunia fomu hiyo.

## Siku yenyewe

Mbwa 38 walikuwa wamelipiwa. Waliofika ni 29. Watu wasio na mbwa walikuwa 64. Kutoka mtaa wa chini hakuja mbwa hata mmoja, ingawa kwao ilikuwa bure. Tulianza saa moja na nusu ili jua lisitukute.

Mita mia tano za kwanza zilikuwa za furaha. Watoto waliimba. Wazee waliokuwa wakijuana kwa honi za magari tu walisalimiana kwa majina. Lakini tayari ungeona jambo likienda mrama: mbwa wengi hawakutembea, walivutwa. Mmoja alilala chini akakataa kabisa, akabebwa kurudi nyumbani kwa toroli. Wawili walitoa shingo kwenye mikanda wakakimbilia malangoni kwao.

Kwenye njia panda yenye bucha, ambapo mifupa hutupwa nyuma kila asubuhi, mbwa watatu wa mtaa wa chini walikuwa wakila. Simba, mbwa mkubwa wa jamii ya Alsatian, aliwaona kabla yetu. Alikuwa ameshikwa na mvulana wa miaka 13, kwa maana baba yake alikuwa ametangulia mbele akipiga picha. Kamba ilikuwa ya manila, ile ya buluu ya kufungia mizigo, na mvulana alikuwa ameizungusha mara mbili kwenye kiganja ili isimponyoke. Simba aliporuka, mvulana alikwenda naye. Aliburutwa kwenye changarawe hatua kama sita. Kamba ilipita kiganjani ikaacha mfereji mwekundu kutoka kidole kidogo hadi chini ya kidole gumba.

Kila mtu alipiga kelele, na kelele ziliongeza moto. Simba alimkamata sikio mbwa mdogo mweupe wa jirani. Mweka hazina wetu, mwanamke jasiri, aliingiza mkono kuwatenganisha, akaumwa kifundo cha mkono. Mtu aliinua jiwe.

Wakati huo soja wa nyumba ya akina Simba, yaani mlinzi wao wa usiku, alikuwa akitoka zamu, anapita kwenda kwake, rungu kwapani na koti zito la usiku bado mwilini. Hakukimbia. Alichuchumaa pembeni mwa barabara akasema kwa sauti ya kawaida, "Simba. Kuja." Akavua koti akaliweka chini mbele yake. Simba aliachia sikio. Masikio yake yakalala, mkia ukashuka, akaja mpaka kwenye koti akaingiza pua mle ndani. Soja akaifungua kamba mkononi mwa mvulana taratibu, mzunguko mmoja, kisha wa pili.

Baba mwenye nyumba alifika akihema. "Kumbe anakusikia hivi?"

"Mzee, si ni mimi humpikia."

Na ni kweli. Niliwahi kumwona mara nyingi bila kufikiri. Saa kumi na mbili jioni, kwenye jiko la mawe matatu nyuma ya kibanda cha lango, husonga ugali wa mbwa kwenye sufuria nyeusi na kutia vichwa vya kuku vilivyochemka. Huupoza kwa kuupepea na kipande cha katoni, huujaribu kwa kidole, ndipo humwita.

Huduma ya kwanza tulikuwa tumeiweka mwishoni, shuleni, kilomita mbili mbele. Maji yalitoka kwa mama wa hoteli jirani na bucha. Daktari wa mifugo, aliyekuwa akitembea nasi, alishika saa akahesabu dakika 15 za kuosha mkono wa mweka hazina kwa sabuni ya kipande na jagi, tukibadilishana kumimina. Watu hamsini walisimama wakitazama, na nadhani hakuna hotuba ambayo ingewafundisha zaidi. Mweka hazina na mvulana walipelekwa hospitali. Simba alikuwa na kadi halali, akawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, hakuwa na tatizo; mweka hazina hata hivyo alianza chanjo kama alivyoshauriwa.

Mwenyekiti alituita kando tuamue. Wengine walitaka tusitishe. Tuliamua kuendelea, lakini mbwa ambaye mshikaji wake hana hakika naye arudi nyumbani bila aibu. Kumi na mmoja walirudi. Kumi na tano walimaliza pamoja nasi, Simba akiwa mmoja wao, akitembea kando ya soja ambaye hakuwa amelala tangu jana. Tulishika uamuzi huo kwa sababu tuliona kwamba kuwarudisha wote kwa pamoja njia ile ile, wakiwa wamechachamaa, kulikuwa na hatari kuliko kwenda mbele.

## Baada ya matembezi

Tulipata Sh87,400: ada za mbwa Sh19,000, za watu Sh6,400, wafanyabiashara watatu Sh35,000, na michango ya simu Sh27,000. Tulitumia Sh31,650, na katika hizo fulana 60 zilikula Sh21,000. Zilibaki Sh55,750 za kazi tuliyoitisha watu kuifanyia.

Chanjo zenyewe kaunti ilitoa bure. Fedha zetu zililipa posho za wachanjaji na waandishi, bodaboda mbili zenye kipaza sauti, visanduku vya barafu (chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ikipata joto haifai tena), sindano, kadi na kamba. Kabla ya kuanza, vijana wawili wa nyumba kumi, yaani kikundi cha ulinzi wa majirani, walipita chumba kwa chumba wakihesabu. Walipata mbwa 340, na katika hao 321 walikuwa na mtu aliyesema, "Huyu ni wetu." Sisi tuliokaa juu ya mtaro miaka kumi tukisema koko hatukuwahi kushuka kuuliza.

Siku mbili za kwanza, Alhamisi na Ijumaa asubuhi, zilichanja mbwa 212. Hiyo ni asilimia 62. Tuliona watu wazima wakija mikono mitupu: "Amekataa kushikwa." Mama wa yule mtoto aliyeumwa ndiye aliyetuambia tunakosea saa. "Hawa mbwa ni wa watoto. Watoto wako shule. Mimi wangu hata simkaribii, lakini huyu mdogo humvuta masikio." Tukaongeza kikao cha tatu, saa kumi na moja jioni, kwa sharti kwamba kila mtoto aje na mtu mzima na kwamba mtu mzima ndiye asimame karibu na mchanjaji. Mbwa 31 zaidi. Jumla 243, asilimia 71.

Zilizobaki, Sh6,000, zimewekwa kwa ajili ya nauli ya mtu atakayeumwa, asikose sindano ya tatu kwa kukosa pesa za matatu.

## Uchambuzi

Jumamosi ile usiku nilichukua orodha ya mbwa 29 nikaandika mbele ya kila mmoja nani alikuwa amemshika na nani humlisha. Nane walishikwa na mtu yule yule anayewapa chakula. Kumi na saba walishikwa na mwenye nyumba, mke au mtoto wake, wakati chakula hutoka kwa soja, kijana wa shamba au msichana wa kazi. Wanne sikuweza kujua. Aliyekataa kutembea, wawili waliotoroka, na Simba mwenyewe, wote wanne walikuwa katika wale kumi na saba. Jirani wa msikiti yuko katika wale wanane: humlisha mbwa wake mwenyewe baada ya swala ya magharibi. Ni orodha ndogo na ni ya siku moja, lakini ningeipa uzito.

Fomu yangu iliuliza mwenye mbwa, na mwenye mbwa kwetu ni mwenye kununua unga. Kwa mbwa hilo halina maana. Yeye humjua mtu wa sufuria. Tuliwavalisha fulana watu ambao mbwa wao hawawajui kwa harufu, tukawapa kamba, tukawatoa mbwa nje kwa mara ya kwanza maishani. Watu ambao wangewatuliza tuliwaacha malangoni, au wanatembea kwenda kulala. Na tulifanya hivyo kwa sababu ambayo si nzuri: hatukumhesabu soja kama mtu wa kualikwa. Ninaliandika hili kwa uchungu. Mtu huyo anatulinda sote usiku, na katika mikutano sita hakuna aliyetaja jina lake.

Kosa lile lile, kwa sura nyingine, ndilo lililofanya mtaa wa chini usije. Tulidhani kuwasamehe ada kunatosha. Hawakuwa na kamba, mbwa wao hawajui kamba, na kipaza sauti chetu kilipita mtaa wa juu tu. Waliotueleza baadaye walisema walidhani ni sherehe ya mbwa wa matajiri. Na kikao cha asubuhi kilikosa watoto, ambao kule ndio watu wa sufuria.

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni kutanguliza chanjo wiki nne. Siku ile mtu aliumwa, mbwa wawili wakapigana, na bado hakuna aliyelala na hofu kubwa, kwa sababu Simba na yule mweupe wote walikuwa na vitambaa vya buluu. Tungefuata mpango wetu wa kwanza, ningekuwa naandika kisa kingine. Pia kumleta daktari atembee nasi badala ya kumweka jukwaani, na kuhesabu mbwa kabla ya kuchanja. Bila ile 340 tungeona foleni ya mbwa 212 tukadhani tumewamaliza.

Fulana zilikuwa hasara. Huduma ya kwanza ingepaswa kutembea nasi kwenye toroli: maji lita 20, sabuni, saa. Ndoo ya maji ingetenganisha mbwa kuliko mkono wa mtu. Kamba ya manila isiruhusiwe, na mtoto wa chini ya miaka 16 asishike mbwa mkubwa peke yake. Mwenye bucha angeambiwa jana yake afukie mifupa, hatukumwendea.

Sina hakika kama matembezi ndiyo njia bora ya kuchangisha kwa ajili ya mbwa wa ulinzi. Wanakamati wawili wanataka tuwaache mbwa nyumbani, watembee watu tu. Mimi nakataa, kwa kuwa nilimwona baba yake Simba jioni moja ya Novemba amechuchumaa kando ya jiko la soja, akijifunza kuupoza ule ugali. Lakini hoja yao ina nguvu na mjadala haujaisha.

Mwezi wa Machi wale vijana walirudi kuhesabu. Walikuta vitoto 57 vilivyozaliwa baada ya chanjo. Hata tukichukulia kwamba waliochanjwa wote bado wapo hai, hesabu imeshuka hadi asilimia 61, na chanjo ya mwaka jana nayo inaelekea kuisha muda. Kwa hiyo tunaanza tena, mapema zaidi: mtaa wa chini Julai, jioni, na wa juu Agosti. Bajeti ya fulana imefutwa. Masoja wanne wameingia kamati, na matembezi yamesogezwa hadi saa tatu ili waliokesha wapate kulala kidogo, ingawa jua litakuwa limepanda na njia imefupishwa hadi kilomita moja na nusu yenye miti.

Fomu nimeiandika upya. Mstari wa kwanza unauliza: Nani humpa chakula? Jina la mwenye mbwa liko mstari wa tatu.